Mahali Joy Aliposhika Kamba

Naitiri,
9 Juni 2025

Kwa dada Phelista,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na watoto, na mzee wako pia. Sisi huku tuko, tunashukuru. Mama magoti yanamsumbua na mvua hii lakini bado anakataa fimbo, ati fimbo ni ya wazee. Ana miaka themanini na mbili. Mahindi yamefika kifuani. Viwavi vilikula kidogo upande wa mto, tukapiga dawa. Ile ng'ombe nyeupe imezaa ndama jike. Mama Joy anakusalimu na anauliza kama binti yetu huko kwako bado anakohoa usiku.

Nimeandika barua kwa sababu simu yako inashikwa na kila mtu hapo nyumbani, Joy akiwa wa kwanza. Na hili jambo linamhusu.

Unamjua Nasike, mjane wa Sifuna, jirani yetu wa upande wa juu. Tangu Sifuna afariki Novemba iliyopita, huyu mama ameota ulimi. Ameenda kwa naibu wa chifu kusema ati nilisogeza mpaka wakati yeye alikuwa kwao Misikhu akiomboleza. Mimi, mzee wa kanisa, mwalimu wa Shule ya Jumapili miaka kumi na moja. Tuliitwa barazani mwezi uliopita. Naibu wa chifu alininyooshea Biblia nishike, nikamwambia sisi wa kanisa la Marafiki hatuapi, neno letu linatosha. Akakubali, kwa sababu anatujua. Wazee walikuwa wanaelekea kufunga maneno hapo. Ndipo Nasike akasimama akasema, muulizeni Joy, yule mtoto alikuwepo Desemba. Sasa wameamua shule zikifungwa Agosti mtoto aletwe aulizwe mbele ya watu.

Joy ana miaka kumi na nne. Mtoto wa umri huo anaweza kuchanganya mambo. Wewe ni senge wake, dada ya baba yake, na senge ndiye anakaa na msichana kumwelekeza. Kaa naye polepole umkumbushe kwamba mikonge ya mpakani iko pale tangu zamani, na kwamba Desemba tulikuwa tunapalilia tu. Asiseme mengi. Ajibu hayo mawili, akae chini.

Nimempa Roselyne, yule wa vitunguu anayekuja soko la Kitale, akuletee nusu gunia la avokado pamoja na barua hii. Mwaka huu zimezaa sana.

Ni mimi ndugu yako,
Khaemba


Kitale,
21 Juni 2025

Kwa ndugu yangu Khaemba,

Alhamdulillahi, tuko wazima. Usikunje uso, ni shukrani tu kama yako. Bashir anakusalimu kutoka dukani. Watu wananunua vipuri vya baiskeli kuliko chakula msimu huu, na hajui kwa nini. Naim amemaliza kozi yake ya umeme na sasa kila taa ya nyumba hii imefunguliwa ikafungwa mara mbili. Mwambie mama nitamletea mafuta ya kuchua magoti, na fimbo pia, atake asitake. Kikohozi cha Joy kiliisha Mei. Alikuwa wa tatu katika darasa zima la gredi ya nane.

Roselyne alifika, na avokado zilifika. Nilikata tatu, nikatia chumvi, nikala na mkate. Nzuri kweli. Nikamkatia Joy. Hakugusa. Huyu mtoto unamjua, kwa avokado anaweza kuuza viatu. Nikamwuliza, tumbo? Akasema hapana, senge. Akainuka akaenda kufua soksi ambazo zilikuwa safi.

Nikakaa pale na kisu mkononi nikaanza kufikiri. Khaemba, sisi kwetu hatuna mti wa avokado. Baba aliukata nikiwa shule ya msingi kwa sababu ya popo. Mti ninaoujua ni mmoja tu, ule Sifuna aliupanda mwaka ule mlipoingia jandoni pamoja, wewe na yeye, mkaugua jeraha katika nyumba moja mkiuguzwa na mama mmoja. Mti huo ulikuwa ndani kwa Sifuna. Si mpakani, ndani. Nilikuwa naruka mikonge kwenda kuokota zilizoanguka, na babake alikuwa ananifukuza.

Sasa nieleze, mti umetembea?

Umeniandikia ukurasa mzima na nusu na hujasema popote kwamba Nasike anakusingizia. Nimeisoma mara tatu nikitafuta hilo neno. Umesema ana ulimi. Umesema wewe ni mzee wa kanisa. Umesema Joy ni mtoto. Niambie jambo moja tu, kwa mstari mmoja: mikonge ilikuwa wapi kabla ya Desemba?

Avokado zilizobaki nimezirudisha kwa Roselyne na nimemwambia azipeleke kwa Nasike. Zile tatu nilizokula sijui nitazirudishaje.

Dada yako,
Phelista, ambaye huku wanamwita Leila


Naitiri,
13 Julai 2025

Kwa dada Phelista,

Salamu katika jina la Bwana. Barua yako ilichelewa kwa sababu Roselyne alishikwa na malaria akalala Kamukuywa kwa dada yake. Mama hajambo. Ndama tulimpa jina la Tumaini. Mvua imepungua, na maharagwe ya Mama Joy yameanza kukauka.

Umeuliza swali. Swali hilo nitalijibu mbele ya wanaohusika. Wewe uliolewa ukaenda. Mambo ya shamba la baba hayako mezani kwako.

Lakini kuna jambo ambalo liko mezani kwangu. Nimesikia kwamba Joy akipiga simu kwa mamake haombi tena kabla ya kukata, kama alivyozoea. Mtoto wangu aliyekuwa anasimama mbele ya kanisa kusema mistari bila kutazama kitabu. Nilipomleta kwako miaka mitatu iliyopita, wazee wenzangu walinionya. Walisema, Khaemba, unampeleka mtoto katika nyumba ya imani nyingine, atarudi akiwa mtu mwingine. Nikawajibu, shule ya huko ni nzuri, na senge ni senge. Leo naona walikuwa na macho.

Mtoto bila dini ni ng'ombe aliyekata kamba. Ndiyo sababu tunawashika wakiwa wadogo. Tunawafundisha kumtii baba na mama, kutoiba, kutosema uongo, kumheshimu aliyewazidi umri. Ukiondoa hayo, utawaongoza na nini? Mimi kazi hiyo nimeifanya kila Jumapili bila mshahara. Wewe nilikukabidhi mtoto mmoja tu, na sasa unamfundisha kumchunguza baba yake kama polisi.

Na usinifundishe ukweli, Phelista. Ulimwambia mama unaenda Kitale kusomea ushonaji. Ukarudi baada ya mwaka na jina la Leila. Mimi ndiye nilimshika mama siku hiyo asianguke.

Shule zinafungwa tarehe mosi. Mlete au umtume. Na awe ameelekezwa.

Khaemba


Kitale,
20 Julai 2025

Khaemba,

Mama mpe salamu, na Mama Joy. Ndama mmempa jina zuri. Salamu zimeisha.

Nilimdanganya mama, ni kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa naogopa. Halafu nilikwenda nikapiga magoti jikoni kwake nikasema, mama, nilikudanganya. Alinipiga na mwiko mgongoni mara nne kabla ya kunisamehe, na ile ya nne ilikuwa ya moyo wote. Mimi deni langu la uongo nililipa. Wewe utampigia nani magoti, na nani atashika mwiko, ikiwa mwenye mwiko katika kijiji chote ni wewe?

Unasema nimemwondoa mtoto wako katika dini. Sikia vizuri. Tangu aje hapa, kila Jumapili asubuhi nampigia pasi gauni lake jeupe. Bashir, huyo mtu ambaye hujawahi kuingia kwake, anafunga duka na kumsindikiza Joy mpaka lango la kanisa lenu la Marafiki, halafu anarudi kufungua. Hajawahi kukosa hata siku moja. Nilimwuliza zamani kwa nini anajisumbua, akaniambia mtoto wa watu ni amana, unamrudisha na kila kitu alichokuja nacho. Mwislamu anamlindia mtoto wako Ukristo wake, na wewe baba mtu unataka atoke na huo Ukristo aje audanganyie baraza.

Umekataa kula kwangu miaka hii yote ati kwa sababu ya aliyechinja. Na nyama unayonunua Kamukuywa inachinjwa na nani, bana? Si ni Bashir mwingine tu, ila huyo hujui jina lake?

Usidhani nasema sisi huku ni malaika. Hapa mtaani kuna mzee yuko safu ya kwanza kila swala, na mizani ya duka lake imejifunza kulalia upande mmoja. Watoto wanalijua jambo hilo. Wanamwamkia, wanambusu mkono, halafu wanaenda kununua sukari duka lingine. Hiyo ndiyo inanichemsha damu, ndugu yangu. Mnadhani watoto wanasikiliza kwa masikio tu. Mnasimama mbele yao na sauti nzito, mnawapa mistari wakariri, mnawachapa wakikosea neno moja, halafu mnatoka nje na kufanya mnayofanya mkidhani wao wamebaki ndani wakiimba. Wanawaona. Joy haombi kwenye simu kwa sababu hajui tena aombe kwa maneno ya nani, na hilo sikumfanyia mimi.

Huyo Sifuna alikuwa mkoki wako. Mliingia jandoni siku moja. Mila yetu ya Kibukusu inasema mkoki wako humdhuru hata akikutusi mbele ya watu. Hayo ulifundishwa na wazee kabla hujafundishwa na pasta yeyote. Kwa hiyo hesabu mwenyewe ni mafundisho mangapi umeruka ili ufike kwenye mti wa avokado.

Ndani ya bahasha hii utaikuta barua yako ya tarehe tisa Juni. Bashir aliisoma akasema, hii ikifika kwa naibu wa chifu, kesi imekwisha, mwandiko ni wake. Halafu akasema nisiingilie ya ndugu, nikanyamaza siku mbili nzima, na unajua kunyamaza kwangu kunavyoniumiza. Nakurudishia. Sitaki siku moja useme ni dada aliyekuangusha kwa karatasi. Ichome, ama uiweke ndani ya Biblia yako, utajua wewe.

Sitamwambia Joy aseme nini, wala asiseme nini. Aliyoniambia mimi sitakuandikia. Atakuja na Roselyne tarehe mbili.

Phelista


Naitiri,
14 Agosti 2025

Phelista,

Barua hii anakuletea Joy mwenyewe. Nimeifunga na gundi. Nimemwambia arudi kwako leo leo na asikanyage hapa mpaka ajue baba yake ni nani. Mamake analia tangu saa sita na mama yetu amejifungia chumbani. Hayo yote uyaweke mahali unapoweka ushindi wako.

Nikueleze kazi yako ilivyofanya kazi. Baraza lilifanyiwa shambani, kwenye mikonge yenyewe. Watu walikuja kama wa mazishi. Nasike akasimama upande wake, mimi wangu. Naibu wa chifu akamwita Joy mbele, akamwonyesha Biblia, akamwuliza kama anajua kuapa ni nini. Mtoto wangu akasema, "Sisi hatuapi. Baba ndiye alinifundisha."

Nilifurahi, Phelista. Nakuambia ukweli, nilifurahi. Nikajua mtoto hajapotea.

Akaulizwa, Desemba mlikuwa mnafanya nini hapa? Akasema, "Tulikuwa tunahamisha mikonge. Baba aliniambia mpaka umepinda, tunaunyoosha ili mama Nasike akirudi asipate taabu. Alinipa kamba nishike upande mmoja." Naibu wa chifu akamwuliza, ulishika wapi? Aliivuka mikonge akaja upande wangu, hatua moja, mbili, tatu, nne, akaupita mti wa avokado, akasimama. Akasema, "Mpaka wa zamani ulikuwa hapa, karibu na hili jiwe. Nilishikia hapa kwanza, halafu baba akaniambia nisogee mpaka pale."

Mimi nikasema mtoto amefundishwa Kitale, amekaa na watu wa imani nyingine, ameharibiwa akili. Unajua Nasike alisema nini? Alisema, "Mpeni mtoto maji." Hilo tu. Ati mpeni mtoto maji, kana kwamba ni mimi niliyemtesa.

Wazee wamesema nirudishe mikonge kabla ya kupanda msimu ujao. Sitarudisha. Nitaita mpima ardhi, nitaenda mbele. Baba alinyang'anywa zaidi ya hatua nne wakati wa kugawa mashamba ya hapa, na hakuna aliyemwitia baraza. Hilo hukuliuliza.

Umeniharibia mtoto na jina. Mtoto kusimama mbele ya kijiji na kumvua baba yake nguo, hiyo ni dini gani? Niambie, hiyo mmeandika wapi?

Khaemba


Kitale,
16 Agosti 2025

Khaemba,

Nitaanza na habari kama tulivyolelewa. Joy alifika salama. Hakula siku ya kwanza. Siku ya pili Bashir alimpikia uji yeye mwenyewe, ukaungua, akaunywa wote ili asimvunje moyo. Kwa hiyo anaendelea.

Umempa mtoto abebe barua ya kumfukuza. Umeifunga kwa gundi, ukampa mkononi, akaja nayo kutoka Naitiri akiwa ameishika kwa mikono miwili, isikunjike, kwa sababu baba amesema ifike. Nilipoifungua alikuwa amesimama mbele yangu. Akaniuliza, "Senge, imeandikwa nirudi lini?"

Nina hasira, kwa hiyo mwandiko utausamehe.

Umeuliza ni dini gani, na imeandikwa wapi. Nimekutafutia. Joy ana daftari dogo la jalada la buluu, limechakaa pembe. Amekuja nalo tangu siku ya kwanza na analiweka chini ya mto. Sijawahi kulifungua, nilidhani ni mambo ya wasichana. Jana alinipa mwenyewe nilisome. Ukurasa wa kwanza kuna mwandiko ambao naujua, kwa sababu mimi ndiye nilikushika mkono ukajifunza kuandika kwenye mchanga nyuma ya jiko. Umeandika tarehe, Shule ya Jumapili, halafu swali na jibu:

Mrafiki haapi kwa nini?
Kwa sababu hana midomo miwili.

Chini yake umeandika: Vizuri sana, Joy. Usisahau.

Miaka mitatu katika nyumba ya Kiislamu, mita mia moja kutoka msikitini, mtoto amelalia hayo maneno. Mimi sikumfundisha. Bashir hakumfundisha. Kitale haikumfundisha. Ulimfundisha wewe, na ulimfundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumwona, na alipokuja kukurudishia mbele ya watu ukamwita ameharibika. Ulitaka aamini, ama ulitaka akariri?

Kama baba alionewa wakati wa kugawa mashamba, walaumu waliomwonea. Nasike hakuwa hata amezaliwa. Mimi pia ni mtoto wa baba na hizo hatua zake nilizililia. Lakini huwezi kwenda kulipiza kwa mjane aliye matangani, tena kwa mkono wa mtoto, tena ukimwambia unamsaidia huyo mjane. Hilo la mwisho ndilo limemvunja Joy. Hakulia kwa sababu ya kufukuzwa. Alilia akiniambia, "Senge, nilidhani tunafanya mema. Nilikuwa nashika kamba kwa nguvu isilegee."

Sasa nisikilize. Joy hatakuja huko kwa kuitwa na simu, wala kwa Roselyne. Ukimtaka mtoto wako, utakuja mwenyewe, utaingia mlango huu ambao hujawahi kuuingia, utakaa kiti cha hapa, utakula kilichopikwa hapa, na utamwambia yeye. Si mimi, yeye. Mpaka siku hiyo nitaendelea kupiga pasi gauni jeupe.

Dada yako


Kitale,
5 Oktoba 2025

Khaemba,

Wiki saba na hujajibu. Roselyne anasema alikupa barua mkononi na ukaiweka mfukoni bila kuifungua. Sijui kama umeisoma.

Mama nimezungumza naye kwa simu, amekubali fimbo. Naim amepata kazi Eldoret. Joy ameanza kuota chunusi na anadhani dunia imeisha. Jumapili iliyopita alirudi kutoka kanisani. Nikamwuliza wamefundishwa nini, akasema kuhusu baba anayemngojea mtoto aliyepotea. Akaniuliza kama kuna hadithi ya mtoto anayemngojea baba. Nikamwambia sijui, labda ipo katika vitabu ambavyo sijasoma.

Sikuandikii kukubembeleza. Nimeandika ujue aliuliza.

Phelista


Naitiri,
23 Novemba 2025

Kwa Mama Naim,

Nakusalimu, na mzee Bashir, na wote wa hapo. Mahindi tumevuna. Mama anatembea na fimbo na anaitumia zaidi kwa kuku. Mama Joy hajaongea nami vizuri tangu Agosti, ananiwekea chakula na kuondoka.

Barua yako niliisoma siku ile ile. Nilikasirika nikaamua sitajibu. Hasira bado ninayo, kwa hiyo usifurahi sana. Namna ulivyonisema kuhusu nyama sikuipenda.

Nikueleze kilichotokea. Niliendelea kufundisha Shule ya Jumapili. Hakuna aliyenikataza, karani wa mkutano wa kanisa alinitazama tu. Mwisho wa Oktoba nilisimama mbele ya watoto nikauliza swali langu, lile la kila mara. Mrafiki haapi kwa nini? Miaka kumi na moja wamekuwa wakilijibu kwa sauti moja mpaka mabati yanalia. Siku hiyo walinyamaza. Watoto thelathini na wawili. Nikadhani hawakusikia, nikauliza tena. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyenidharau, walikuwa wanaona haya kwa niaba yangu. Kisha kasichana kamoja ka mbele, mwenye miaka saba, akasema kwa heshima kabisa, "Mwalimu, hilo muulize Joy."

Niliwaambia waimbe. Nikatoka nje nikakaa nyuma ya choo cha kanisa mpaka wakaenda nyumbani. Nimemwambia karani anitafutie mtu mwingine. Nilidhani wote hawa nawafundisha maneno tu.

Mpima ardhi sikumwita. Alhamisi nimeirudisha mikonge, mchana, watu wakipita. Mti wa avokado uko kwake. Lile jiwe alilosimama Joy bado lipo, sikuhitaji kupima. Lakini kamba haivutwi na mtu mmoja, na sikuwa na wa kunishikia. Mama Joy alikataa kutoka. Nikaifunga kwenye kijiti, kijiti kikang'oka. Nikafunga tena, kikang'oka. Nasike alikuwa anaanika mahindi anatazama. Sikumwita, ningemwita kwa uso gani? Akaacha mahindi yake, akaja, akaokota ncha ya kamba, akaenda kusimama penye jiwe. Tukamaliza mstari wote. Halafu akauliza, "Joy anarudi lini?"

Nikamwambia sijui.

Jumamosi ijayo nakuja. Nitafika saa nne. Mwambie mzee Bashir asihangaike na nyama, na akihangaika nitakula. Joy usimwambie kitu. Niache nimwambie mwenyewe, nikishindwa utanisaidia, na mwiko uuweke karibu.

Ndugu yako,
Khaemba